Mtu wa Chaneli ya Tatu

Glavu za sufi zikilowa theluji kisha zikaanikwa juu ya hita, hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini: kondoo kidogo, chuma cha moto kidogo, na supu ya mtu mwingine. Nimeishi katika miji saba na vyumba visivyohesabika, kwa sababu kukaa mahali pamoja kunaniwasha mwili, lakini harufu hiyo hunirudisha pahali pamoja tu. Majuzi ilinikamata tena, katika chumba cha kupanga ambacho hata pazia sijatundika. Nikaketi kitandani na koti langu, nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Tuliishi ghorofa ya sita kwenye nyumba za halmashauri huko Tottenham, mimi, Baba na Mama, na tangu Krismasi alikuwepo pia Shangazi Mwanakombo, dada mkubwa wa Baba, aliyekuja kutoka Mombasa kututembelea. Alipewa nusu ya chumba changu. Mwanzoni nilinuna, maana ilibidi niondoe picha zangu ukutani upande wake. Lakini kabla hajaja, mimi nilikuwa mtoto wa ufunguo: nikirudi shule najifungulia mlango mwenyewe, natia mkate kwenye tosta, naongea na televisheni mpaka saa ya Mama kurudi. Sasa nikipanda ngazi nasikia harufu ya nazi tangu ghorofa ya nne. Nikiingia, sauti inatoka jikoni: "Vua viatu, osha mikono, keti nikusuke, hicho kichwa ni kama kiota." Wiki mbili hazikupita, nikawa siwezi kufikiria nyumba ile bila yeye.

Ndipo ikaja siku ya kikaango.

Mama alikuwa na kikaango kimoja cheusi, cha ile aina isiyoshika chakula, alichokinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa unesi na ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kwa kijiko cha chuma. Shangazi, aliyelelewa kusugua sufuria kwa jivu na kumbi la nazi hadi mtu ajione uso, alikitazama kikaango kile kwa wiki kadhaa akimwonea huruma wifi yake. Asubuhi moja akakaa nacho kwenye kigoda, na waya wa kusugulia, akasugua mpaka mchana. Niliporudi shule alinionyesha. Kilikuwa kinang'aa kama mwezi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kujenga msikiti.

Mama aliingia, akakiona, akaweka mkoba chini polepole.

"Wifi. Umefanya nini?"

"Nimekutolea masizi. Yalikuwa yameganda, wifi yangu, mkono umenifa ganzi."

"Si masizi yale! Ndicho kikaango chenyewe kile!"

"Basi miaka yote mmekuwa mkila kikaango," akasema Shangazi.

Kuanzia jioni ile walinuniana. Wala si kununiana kwa kelele. Kwa kelele kungekwisha. Walinuniana kwa adabu, kwa kunipitia mimi. "Mwambie mama yako chai iko tayari." "Mwambie shangazi yako nimekunywa kazini." Wote tuko jikoni mle mle, jiko ambalo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nami, mjumbe mwaminifu, nilikuwa nikigeuka huku na huku nikirudia maneno ambayo kila mtu ameyasikia.

Juu ya hayo yote, ilikuwepo safari. Klabu ya wafanyakazi wa hospitali ya Mama iliandaa basi kila mwaka kwenda Ufaransa kuteleza kwenye theluji, na Mama alikuwa ametuandikisha tangu majira ya joto: yeye, mimi na Baba. Baba akanyimwa likizo. Nafasi ilikuwa imeshalipiwa na hairudishwi, na Baba, ambaye amani ya nyumba aliitafuta kwa njia za ajabu, akatangaza kwamba Shangazi ndiye atakayekwenda.

"Mwambie mdogo wangu," Shangazi aliniambia, ingawa Baba alikuwa mbele yake na hawakuwa na ugomvi, alikuwa tu ameshazoea, "mwambie mimi nimetoka Mombasa. Barafu naijua ya kwenye juisi."

Lakini alikwenda. Usiku wa kufunga mizigo, akinisuka mistari ya safari, aliniambia sikioni: "Nikitoka huko nafunga begi langu narudi Mombasa. Hapa si pangu. Usimwambie mtu." Vidole vyake vilivuta nywele, machozi yakanitoka, akadhani ni nywele. Tangu dakika ile nilikuwa na kazi moja duniani: Shangazi asifunge begi.

Sasa niwaeleze habari za redio. Baba alikuwa mlinzi kwenye kituo cha maduka, na kifuani mwake kazini ilining'inia redio ya upepo, ile ya kubonyeza ukasema, kuachia ukasikia. Aliipenda na kuiheshimu kama askari anavyoheshimu bunduki. Binamu yake aliyeko Marekani alikuwa ametutumia jozi ya redio kama hizo, nzuri, za manjano. Baba alisoma maandishi ya chini, akapiga simu mahali, akarudi uso umesawijika. Zile za Marekani haziruhusiwi huku, akasema. Zinasema kwenye mawimbi ya watu wengine, labda ya zimamoto. Akazifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaziweka juu ya kabati, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kuna silaha juu ya kabati letu.

Akanunua nyingine mbili, ndogo, za kijivu, za aina iliyokuwa ndiyo kwanza imeruhusiwa bila leseni. Akatuketisha sebuleni sote watatu, mimi katikati, akatufundisha.

"Hizi ni halali hapa na halali kule, nimesoma jedwali lote la kijitabu chake. Lakini ni halali kama zilivyo. Msizifungue, msiziongezee waya, msibadilishe mkia wake wa antena. Maneno yawe mafupi. Hakuna matusi. Hakuna siri. Hewa ni ya serikali, na yeyote anaweza kusikiliza. Ukimaliza kusema, sema 'ova'."

"Ova ndiyo nini?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo kusema nimemaliza, zamu yako."

"Mimi nitasema wasalaam, kama barua. Siwezi kumkatia mtu maneno kama namfungia mlango."

Mama akacheka puani. "Mwambie shangazi yako tutazungumza Kiswahili. Huko mlimani nani atatusikia? Hata kama serikali inasikiliza, itaambulia nini?"

Juu ya hilo tu wifi hao wawili walikubaliana, na si ajabu. Kila mmoja wetu aliyekulia London anaijua imani hii. Ndani ya basi, kwenye foleni, kwa daktari wa meno, Kiswahili kilikuwa chumba chenye kufuli. Mama alikuwa akimsema mtu aliyekaa mbele yetu tangu kisogo mpaka soksi, akimtabasamia.

Lakini mimi nilikuwa nimekisoma kile kijitabu cha redio mara tatu, na neno la Baba lilikuwa limenizama. Hewa ni ya serikali. Yeyote anaweza kusikiliza. Katika akili yangu, "yeyote" alikuwa mtu mmoja, mwanamume, amevaa sare, ana masharubu, yuko kazini.

Na tulipofika, nikamwona. Juu kabisa, panapoishia vile viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu, kilikuwepo kibanda cha mbao chenye mlingoti, na mbele yake mwanamume wa koti jekundu akitazama chini kwa darubini. Leo najua alikuwa mwokozi wa mlimani, kazi yake kubeba waliovunjika miguu. Siku ile nilijiambia: ndiye huyo. Mwenye hewa.

Mpango wetu ulikuwa hivi. Mama na mimi tulikuwa darasa la wasiojua, kwenye mteremko mdogo, chini ya mwalimu kijana wa Kifaransa aliyebabuka midomo kwa jua na ambaye kila baada ya dakika mbili alimwinua Mama kutoka kwenye theluji. Shangazi alikaa mkahawani chini ya mlima, amejitanda leso mbili juu ya jaketi, redio mezani kama simu ya waziri. Redio ya pili nilikuwa nayo mimi. Tulizitia zote mbili chaneli ya tatu.

"Mtoto, unanisikia? Hujambo? Umelala salama? Miguu haiumi? Umekula? Wasalaam."

Tulikuwa tumeachana nusu saa iliyopita. Lakini Shangazi hakuweza kuingia kwenye maneno bila salamu, na salamu hakuweza kuzifupisha. Nilijibu mbio mbio, nikimtazama mtu wa koti jekundu, maana sheria ilisema maneno yawe mafupi. Kisha:

"Mwambie mama yako anaanguka kama gunia. Namwona kutoka hapa. Wasalaam."

Mama, akiwa chini, mbao zake za kutelezea zimepishana, nami nimembonyezea redio: "Mwambie shangazi yako anayekunywa chai hafundishi kuogelea. Ova."

"Nimemsikia. Mwambie nimemsikia. Na mwambie huyo mpumbavu anayemvuta mkono amwachie, atamng'oa. Wasalaam."

Mpumbavu! Hewani! Nikabonyeza haraka, nikaomba radhi kwa Kifaransa chote nilichofundishwa shuleni: "Pardon, monsieur." Kisha nikaachia, nikasubiri. Redio ikatoa "kaa", kama mtu anayebonyeza kisha akaghairi. Alikuwa anaandika. Nilijua anaandika.

Hivyo ndivyo zilivyopita siku tatu. Shangazi alipochoka kumsema Mama na kikaango chake alitusimulia mkahawa mzima. "Kuna mzee mmoja wa Kihindi na mkewe meza ya pili. Anakula supu kama anagombana nayo. Kofia aliyovaa, wallahi, ni kasha la mayai." "Pardon, monsieur." "Mkewe mzuri, sijui alimpendea nini." "Pardon, monsieur." Usiku nilihesabu makosa yetu yote na kujiuliza kama tutakamatwa palepale, au tutasubiriwa mpakani. Na katikati ya hofu hiyo iliniumiza ile nyingine: siku zinakwisha, begi linasubiri, na wale wawili hawajasemezana neno.

Siku ya nne ukungu ulishuka. Haukushuka kama wa London, unaokuja ukikuomba radhi. Ulishuka kama mtu ameangusha shuka. Mwalimu alitukusanya chini. Nikakimbilia mkahawani, kwa mwendo wa viatu vile vinavyokufanya utembee kama roboti. Meza ya Shangazi ilikuwa tupu, na chai imeachwa nusu.

Nikabonyeza. "Shangazi, uko wapi?"

"Mtoto, hujambo? Mama yako hajambo? Nilichoka kutazama mgongo wa mlima, nikapanda kuuona uso. Sasa hauna uso. Wasalaam."

Mama alikuwa amefika nyuma yangu. Aliipokonya redio mkononi mwangu, na hapo, baada ya wiki tatu, ndipo aliposema naye.

"Wifi! Uko juu? Panda kiti ushuke!"

Redio ikakwaruza: "Mwambie mama yako viti vinaingia kwenye weupe havirudi. Nimevihesabu. Watu wanapanda, wanapotea. Wasalaam."

"Vinarudi! Vinazunguka! Wifi, usinitie wazimu, panda!"

"Mwambie asinipigie kelele, hata huku mawinguni..."

"Nani anapiga kelele? Mimi napiga kelele?"

Sasa wote wawili walikuwa wamebonyeza kwa pamoja, na redio ikawa inakoroma tu. Mama akaendelea kubonyeza na kufoka. Nikamshika mkono.

"Mama, haiwezekani! Akisema yeye, wewe huwezi. Mpaka aachie. Ndiyo sheria."

Akanitazama, akaachia. Shangazi hakuachia. Nafikiri kidole kiliganda ndani ya glavu, au alidhani amekwisha kuachia na sasa anasema peke yake. Sauti yake ilitoka ndogo, haina ule mkwara wake.

"...si kikaango. Nani analia kwa ajili ya kikaango. Miezi miwili na nusu niko ndani ya nyumba yao. Nikiamka mtu ameshatoka. Akirudi anakula amesimama, mkono mmoja sahani, mkono mmoja anafungua barua. Nimepika samaki wa kupaka, ameliwa kwa kusimama. Nimepika mahamri, yamefungwa kwenye foili yakaenda kazini. Hakuna aliyeketi. Hata dakika tano. Nikasema, nitalisugua hili jungu lao, ling'ae, labda leo atajua kuna mtu humu ndani. Akajua, kweli. Sasa nimekufa baridi kwenye mlima wa Wazungu na yule mhudumu, mtoto wa watu, nimemwachia chai haijalipiwa..."

Hapo ikakatika. Mama alikuwa amesimama katikati ya mkahawa, theluji inamyeyukia kwenye kope. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amemsikiliza mtu mpaka mwisho, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine.

Akabonyeza. "Wifi. Mimi ndiye niliyemwambia mdogo wako akuite. Hukulijua hilo. Yeye alisema London itakuchosha. Mimi nikasema namtaka, nyumba ni baridi, mtoto anajifungulia mlango. Halafu umekuja, nami nikaendelea kukimbia, kwa sababu sijui tena kuketi. Nimesahau. Wallahi nimesahau kunaanziaje." Akavuta pumzi. "Ova. La, wasalaam."

Ndipo sauti ya tatu ikaingia. Ya mwanamume, nzito, taratibu.

"Samahani sana, mabibi."

Kwa Kiswahili. Kiswahili kilichonyooka, cha Tanga.

"Samahani kuwaingilia. Lakini chaneli hii ya tatu ni ya watu wote, nami tangu saa nne namtafuta mke wangu, sipati nafasi."

Nikainua mikono juu. Sikufikiri, iliinuka yenyewe. "Mama," nikanong'ona, "ni yule wa serikali. Anajua Kiswahili. Anajua kila kitu. Tumekwisha."

Shangazi akauliza huko juu, kwa ukali: "Nani wewe?"

"Geuka nyuma, bibi. Mimi ndiye mwenye kofia ya kasha la mayai."

Hata wahudumu wa mkahawa, ambao hawakuelewa neno, waliacha kugonganisha vikombe. Mwishowe Shangazi akasema: "Nilikuwa naisifia."

Papo hapo sauti ya nne ikatoka, mara mbili, moja redioni na moja kutoka meza ya pili nyuma yetu, ambapo mama mmoja wa Kihindi aliyevaa sweta ya zambarau alikuwa ameshika redio ya kijivu kama ya kwetu.

"Nurdin! Kwa nini umewaingilia? Walikuwa ndio kwanza wanafika pazuri!"

Hivyo ndivyo tulivyomjua Bwana Nurdin, mwenye duka la vitambaa Harrow, mzaliwa wa Tanga, aliyekuwa akija kuteleza kila mwaka tangu watoto wake walipokua. Siku tatu nzima walikuwa wametusikiliza, yeye na mkewe. Siku ya kwanza alitaka kujitambulisha, mkewe akamkataza kabisa, akasema wasubiri kujua mambo ya kikaango yameishaje. Walikuwa wameshakula chakula cha jioni mara tatu wakibishana nani mwenye haki. Kitu kimoja tu hawakukielewa, aliniuliza baadaye kwa upole mkubwa: yule mtoto, kila mara, alikuwa akimwomba nani msamaha?

Walishuka kwa kiti kimoja, yeye na Shangazi. Tuliwasikia kabla hatujawaona. Ukungu ulikuwa unazungumza: sauti mbili zikibishana kama samaki wa kupaka atiwe ndimu au ukwaju. Kisha ikatokea kofia, kisha leso. Mama akatoka mbio na vile viatu vyake, akaanguka, akaamka, akaanguka tena, na Shangazi aliposhuka kwenye kiti alimkuta wifi yake magotini mbele yake.

"Inuka," Shangazi akasema, "watu watadhani nakudai."

Tuliingia mkahawani, tukaanika glavu zetu za sufi juu ya hita. Shangazi akaketi mahali pake. Nikajibana ubavuni kwake, na kwa kuwa sikuweza kungoja tena nikamwuliza sikioni kama bado atafunga begi.

"Begi gani?" akasema kwa sauti, na kunipa sukari ya kukoroga.

Mama akavuta kiti mbele yake. Akakitazama kidogo, kama kinachoweza kuteleza, kisha akakaa. Akafungua vifungo vya viatu, kimoja baada ya kingine, akavivua, akaviweka chini ya meza. Ukungu ulikuwa unapungua, na darasa letu lilikuwa na somo la mwisho, la cheti. Mwalimu alikuja mlangoni akamwita Mama. Mama akapunga mkono. Akaja mara ya pili, akionyesha saa yake, na Mama akamwambia, bila kugeuka, kwamba ajitelezee mwenyewe. Mara ya tatu alikuja mpaka mezani, akasimama nyuma ya kiti cha Mama. Shangazi akainua uso.

"Bwana," akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, ili aelewe, "huoni watu wameketi?"

Akatutazama sote watatu. Akatoka, akafunga mlango pole pole nyuma yake.